Mtambo na Fundi Wake

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kapedo)



Kamati imeniagiza niseme nanyi juu ya jambo lililowagawa wanachama tangu mkutano uliopita, nalo ni matumizi ya fedha zilizobaki katika mfuko wa maendeleo. Wako wasemao zinunue mashine mpya ya kusaga unga, kwa kuwa ile tuliyo nayo imezoea kusimama. Wako wengine wasemao zitumike kuwafunza vijana wetu ufundi. Kura ni yenu, wala karani hana haki ya kuwapigia. Lakini yafaa, kabla ya kupiga kura, tukumbuke mambo yaliyokwisha kutendeka katika nchi yetu ya Turkana na mahali pengine pa Kenya. Swali hili la mashine moja ya unga limekwisha kuulizwa kwa mitambo mikubwa mno kuliko yetu, na majibu yake yaonekana kwa macho.

Mashine yetu na mabwana wake

Tazameni jinsi unga unavyopatikana hapa. Mahindi hutoka katika mashamba ya nyanda za juu. Dizeli huletwa kwa lori kwa njia ya Marigat, nayo imekwisha kusafiri kwa meli kutoka ng'ambo mpaka Mombasa. Injini yenyewe imeundwa ng'ambo; kadhalika mkanda, beringi na chujio. Mwaka huu mashine ilisimama majuma mengi kwa ajili ya nozo, yaani kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya injini, ambacho ukubwa wake haupiti kidole cha mtu. Duka tulilolilipa lilituletea nozo isiyolingana na injini yetu. Ikarudishwa, tukangoja tena. Muda huo wote mama zetu walirudi kwenye mawe ya kusagia, na mwenye nauli alisafirisha mahindi yake mbali kwenda kusagiwa. Katika hesabu za mwaka mtaona ya kuwa fedha zilizokwenda kwa vipuri, nauli na mafundi wa kuitwa kutoka mbali zimezidi zile tulizolipia karo za watoto.

Hati yasema mashine ni mali ya chama. Lakini mali ambayo mwenyewe hawezi kuiamsha ikilala, mabwana wake ni wengi, na wengine wao hatutawaona maisha yetu yote.

Sisemi ya kwamba kununua kwa wageni ni aibu. Mababu zetu walipata mikuki na vyuma vyao kwa wahunzi wa Labwor, katika nchi ya Karamoja upande wa Uganda, wakalipa kwa mifugo. Lakini aliyenunua mkuki alijua kuunoa, kuutia mpini, na kuunyosha ukipinda. Alimhitaji mhunzi siku ya kununua, baada ya hapo mkuki ulikuwa wake kweli. Tazameni pia miguu yetu sisi tulioketi hapa. Wengi tumevaa akala. Gurudumu lilitoka nchi za mbali, lakini aliyelikata akalifanya kiatu ni fundi wa soko letu, na kamba ikikatika hutengenezwa chini ya mti kwa misumari michache. Hakuna aliyewahi kungoja meli kwa ajili ya akala.

Basi tofauti iko hapo. Kuna kununua kitu, na kuna kununua kitu pamoja na safari ya kumrudia muuzaji daima.

Kiwanda cha Kalokol

Wazee wengi walikwisha kufika Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, nao wamekiona kiwanda cha samaki. Katika miaka ya 1970 serikali ya Norwei ilikuja kutusaidia. Nia yao ilikuwa njema, wala mtu asiwabeze. Walisaidia kujenga barabara ya kutoka Kitale kuja Lodwar, nayo imewafaa watu wengi. Waliona ziwa lina samaki tele na watu wana njaa, wakafikiri: mchunga mifugo apewe mashua, samaki wapasuliwe na kugandishwa kwa barafu, wauzwe miji ya mbali kwa bei nzuri. Kiwanda kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kazi ya kugandisha samaki ilidumu siku chache tu. Kupoza samaki katika nchi ya jua kali kama hii kwahitaji umeme mwingi usiokatika, na umeme huo ulikuwa wa dizeli inayoletwa kwa lori. Kazi hiyo yahitaji pia maji safi mengi, na katika jangwa maji safi ni ya kunywa kwanza. Gharama ikapita thamani ya samaki. Kisha, katikati ya miaka hiyo ya 1980, Ghuba ya Ferguson, ambako samaki wengi walikuwa wakivuliwa, ikakauka kwa sababu maji ya ziwa yalishuka. Mwaka 1990 Kenya na Norwei zikavunja uhusiano wa kibalozi, na wafadhili wakaondoka. Jengo likabaki, likatumika kuwa ghala la samaki waliokaushwa.

Angalieni neno hilo la mwisho. Samaki waliokaushwa! Barafu ilikwisha, lakini kisu, chumvi na jua havikwisha. Mvuvi wa Kalokol aliendelea kupasua samaki wake na kumwanika kama alivyojua, na wachuuzi wakaendelea kumchukua mpaka Kisumu na hata Kongo. Ufundi ule wa chini, ambao hakuna mgeni aliyeuona kuwa ni ufundi, ndio uliookoa chakula cha watoto. Kama sehemu ya zile fedha ingalitumika kuuboresha, kwa vichanja bora vya kukaushia, chumvi ya kutosha na mbinu za kuzuia wadudu, huenda leo tungalisimulia habari nyingine.

Mali inayoondoka na mali inayorudi

Mfano wa pili ni wa mali zetu wenyewe. Bwawa la Turkwel lilijengwa kati ya mwaka 1986 na 1991, nalo laweza kutoa megawati 106 za umeme. Maji ni ya mto wetu, lakini nyaya zake ziliupeleka umeme kusini, na kwa miaka mingi baada ya hapo mji wa Lodwar uliendelea kuwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli. Mwezi wa Machi 2012 mafuta yakagunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Mafuta yale yana nta nyingi, hata huganda yasipotunzwa katika joto. Kuanzia Juni 2018 yalichukuliwa kwa malori maalumu mpaka Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa yapatayo 200,000, ikapakiwa melini kwenda ng'ambo. Kwa nini hayakusafishwa papa hapa Kenya? Kwa sababu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofanya kazi tangu 1963, kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Hivyo mafuta ghafi yalitoka nchini kwa mlango ule ule wa bahari ambao dizeli yetu huingilia.

Ngozi za mbuzi wetu nazo zina hadithi ya namna hiyo. Zaondoka hapa mbichi kwa bei ya kutupa, nasi twanunua mikanda na viatu kwa bei ya dukani. Na hali mama zetu wanajua tangu zamani kuilainisha ngozi kwa mafuta mpaka ikafaa kuvaliwa. Mwenye malighafi asiye na ufundi huuza mara moja na kununua mara kumi.

Pampu ya spana moja

Baada ya hayo mtu aweza kusema, basi kila kitu cha kisasa ni hasara. Hivyo sivyo. Nitawapa mifano miwili iliyofaulu.

Wa kwanza ni pampu ya mkono iitwayo Afridev. Ilianza kubuniwa Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaboreshwa hapa Kenya, hasa katika visima vya Kwale kule pwani. Kabla yake, pampu nyingi za vijijini zilipoharibika zilingoja gari la serikali lenye mitambo ya kuinua mabomba, nazo zikafa zikingoja. Wahandisi wa Afridev walianza na swali jingine kabisa: je, akina mama wanaoteka maji wataweza kuitengeneza wenyewe? Ndipo wakaifanya ifunguke kwa spana moja. Sehemu zake za ndani huvutwa juu bila kung'oa bomba zima, na vipuri vinavyochakaa ni rahisi kubadilishwa. Zaidi ya hayo, mchoro wake haukufungiwa na kampuni moja. Kiwanda chochote chaweza kuiunda, na viwanda vya Kenya vimeiunda.

Pampu ile bado ina plastiki na chuma ambavyo huenda vimetoka mbali. Lakini ikisimama asubuhi, jioni yaweza kuwa inatoa maji, kwa kuwa maarifa yake yamo kijijini.

Mvuke wa Olkaria

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao watuhusu sisi wa Kapedo kuliko watu wengine. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, ardhi ina moto chini kama ilivyo hapa. Mtambo wa kwanza wa kugeuza mvuke kuwa umeme ulianza kazi mwaka 1981, ukiwa na megawati 15 tu. Wataalamu walikuwa wageni, na mitambo ilikuwa ya wageni. Lakini serikali ilifanya jambo jingine pamoja na kununua. Mwaka baada ya mwaka iliwatuma vijana kusoma elimu ya mvuke wa ardhini, wengi katika chuo kilichofunguliwa Iceland mwaka 1979, na wengine New Zealand. Walirudi, wakafanya kazi chini ya wageni, kisha pamoja nao, kisha bila wao.

Leo Kenya ina megawati zaidi ya 900 za umeme wa mvuke. Visima huchimbwa na Wakenya, na kuanzia mwaka 2019 kampuni ya KenGen ilitia sahihi mikataba ya kwenda kuwachimbia Ethiopia, na baadaye Djibouti. Nchi iliyoanza kwa kufundishwa sasa hulipwa kwa kazi hiyo. Ni kweli ya kwamba mashine kubwa za kuzungushwa na mvuke zingali zikitoka Japani na kwingineko, hatujazitengeneza sisi. Lakini ajuaye kazi hununua kama mnunuzi, na asiyejua hununua kama mwombaji.

Linganisheni sasa Kalokol na Olkaria. Kote kulikuwa na wageni, fedha za kigeni na mashine za kigeni. Kalokol mashine ilitangulia, na hakukuwa na fundi wa kuimiliki, wala umeme na maji vya kuilisha. Olkaria walikuwa na mvuke wao chini ya miguu, wakaanza kidogo, na mafundi wakaongezeka kadiri mitambo ilivyoongezeka.

Moto ulio chini yetu

Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Kapedo habari za maji ya moto. Yanachimbuka ardhini yakifuka, yanaanguka katika maporomoko, kisha yanakwenda zake katika Mto Suguta kuelekea Ziwa Logipi. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, GDC, iliyoanzishwa mwaka 2008, imekuwa ikifanya kazi katika milima ya Korosi, Paka na Silali, na huko Paka visima vimekwisha kutoa mvuke. Silali ni jirani yetu. Itakuja siku ambayo nguzo za umeme zitasimama katika nchi hii.

Je, siku hiyo watoto wetu watakuwa wapi? Mradi ukija na kukuta vijana wasiojua kazi, utawapa kazi ya kulinda lango, kufyeka vichaka na kubeba mawe, na kazi hizo huisha ujenzi ukiisha. Ukikuta wachomeleaji vyuma, mafundi wa injini, mafundi wa umeme na wajuao kupima mabomba, hapana budi uwaandike. Fundi hafanywi kwa juma moja, tena barua ya malalamiko haimfanyi mtu kuwa fundi.

Wala hatuwezi kunena habari za kazi Kapedo tukanyamaza juu ya amani. Mwaka 2014 askari polisi waliviziwa wakauawa karibu na mji huu, na wakazi wakakimbia makwao. Fundi hakai mahali penye risasi, na lori la vipuri haliji. Wazee, kazi hiyo ya kupatana na majirani zetu ni yenu, na kila kijana wa Kiturkana na wa Kipokot atakayeshika spana ni mmoja aliyepunguka katika wale washikao bunduki.

Hoja mbili za kujibiwa

Nimesikia hoja mbili zenye uzito. Mama zetu wamesema: unga wa leo hautawangoja vijana wamalize masomo. Ni kweli kabisa. Kwa hiyo kamati haisemi mashine ya zamani iachwe ife. Mwili wake ni mzima, na mawe yake yangali yanasaga. Kinachoiua ni kukosa vifaa vidogo wakati vinapohitajika. Bei ya mashine mpya ni kubwa, nayo mpya itakuwa na nozo ile ile ya kungojwa, na fundi yule yule wa kuitwa kutoka mbali. Tutakuwa na mashine mbili zilizosimama mahali pa moja.

Wazee nao wamesema: kijana akisha kujua ufundi atakwenda Nakuru au Nairobi, na fedha zetu zitakwenda naye. Hofu hii ina msingi, kwa kuwa wengine wamekwenda. Ndiyo sababu kamati yataka wafunzwe wawili wala si mmoja, wachaguliwe na wazee katika nyumba zinazojulikana, watie sahihi mbele ya wazazi wao ya kuwa watakitumikia chama miaka miwili kwa mshahara wa haki. Nasema kwa mshahara wa haki, maana tukimlipa fundi wetu kidogo kuliko tunavyomlipa fundi wa mbali, tutakuwa sisi ndio tuliomfukuza. Akienda baada ya miaka hiyo miwili, atakuwa amekwisha kumfunza mwenzake.

Mambo ambayo kamati inaleta mbele yenu

Kwanza, mashine yetu itengenezwe kikamilifu, na chama kinunue akiba ya vipuri vinavyochakaa upesi, yaani nozo, mkanda, beringi na machujio, viwekwe katika sanduku lenye kufuli ofisini. Liwepo na daftari la mashine, kila tone la oili na kila badiliko liandikwe.

Pili, vijana wawili, mvulana na msichana, wapelekwe kujifunza injini na uchomeleaji vyuma. Nafasi zatafutwa Lodwar, na pia Kakuma, ambako watawa wa Don Bosco wamewafundisha ufundi wakimbizi na wenyeji kwa miaka mingi.

Tatu, barua iandikwe kwa kampuni ya jotoardhi na kwa serikali za kaunti, tukiomba kwa heshima nafasi za mafunzo kwa vijana wa pande zote mbili za mpaka, wala tusiombe nafasi za vibarua peke yake.

Nne, tangu leo kila mashine, pampu au taa ya jua tutakayopewa au kununua, hata ikiwa ni ya bure, iulizwe kwanza maswali manne mbele ya kamati: Italishwa na nini? Itatengenezwa na nani? Vipuri vyake viko umbali gani? Na wafadhili wakiondoka, itasimama au itaendelea? Kisichojibu maswali hayo tushukuru tukikatae.

Mabwana na mabibi, dunia ya leo haina taifa linalojitengenezea kila kitu, wala Kapedo haitakuwa ya kwanza. Kazi yetu ni kupunguza vile vitu ambavyo vikikatika huko mbali, sufuria zetu hulala bila kupikwa. Karatasi za kura ziko mezani. Asiyejua kusoma atasaidiwa na mtu amtakaye mwenyewe, na Bwana Mwenyekiti atahesabu mbele ya watu wote.